Mafunzo ya likizo ya walimu wa Biashara yahesabiwe na vyuo vikuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi walimu wa Masomo ya Biashara hulisema katika chumba cha walimu na kwenye makundi ya WhatsApp, lakini halijafika linakotakiwa kufika. Mafunzo tunayoitiwa wakati wa likizo yahesabiwe na vyuo vikuu kuwa sehemu ya shahada ya uzamili. Yasiishie kwenye cheti cha kuhudhuria.

Nasomesha Kisauni. Somo langu linaitwa Biashara, lakini ndani yake mna uchumi mwingi kuliko mzazi anavyodhani. Enzi za Kidato cha Tano na cha Sita, Uchumi ulikuwa somo lenye jina lake. Baada ya mfumo wa 8-4-4 kuingia mwaka 1985, na mitaala kupanguliwa tena na tena, ulichanganywa na biashara, uhasibu na kazi za ofisi likawa somo moja. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anakutana na mahitaji na ugavi, halafu pato la taifa. Akiingia Kidato cha Nne kuna fedha na benki, fedha za umma, mfumuko wa bei na biashara ya kimataifa. Mwalimu anayesomesha yote hayo huenda chuoni alijikita kwenye uhasibu, uchumi akaupitia kwa kozi mbili tatu za mwanzo, tena zamani. Na sasa Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya imeanza Januari 2026, somo letu likiwa kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii. Wanaolichukua wamelichagua wenyewe, na wanakuja na maswali.

Maswali hayo hayamo kitabuni. Mei 2024, serikali ya kaunti ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, hapa Mombasa, kipindi changu kiligeuka baraza. Mahakama ilikuja kuisimamisha ile amri, lakini siku hizo chache zilitosha. Kijana mmoja ambaye nyanya yake huuza muguka alisema wateja wanalalamika bei imepanda, na bado wananunua. Akaniuliza, “Mwalimu, si ulitwambia bei ikipanda watu hununua kidogo?” Jibu lipo, linaitwa unyumbufu wa mahitaji, yaani jinsi ununuzi unavyobadilika sana au kidogo bei ikibadilika, na kulitaja ni sekunde tano. Kulifanya liwe somo la dakika 40, wanafunzi wachore, wabishane, na wale wa viti vya nyuma wasisinzie, huo ni ufundi mwingine. Kabla sijamaliza kuchora, msichana mmoja akadakia: kama muguka unawaharibu vijana, hasara hiyo analipa nani, muuzaji au mamake kijana? Hapo tumeshafika kwenye gharama anazobebeshwa mtu wa tatu asiyekuwamo kwenye biashara, mada ambayo chuoni huandikiwa sura nzima. Naamini darasa kama hilo kule Embu, muguka unakolimwa, lingeuliza habari za mkulima.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mswada wa Fedha. Pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16 liliondolewa, kisha mswada wote ukaondolewa, lakini watoto walikuwa wameshauliza: kodi ya boflo inamuuma nani hasa, mwenye bekari au mnunuzi? Kila tarehe 14, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ikitangaza bei za mafuta, kuna atakayeuliza mbona Mombasa ni nafuu kuliko Nairobi, na Mandera ni ghali kuliko kote. Abiria wa miguu havuki Likoni kwa nauli, mwenye gari analipa. Feri hiyo inaendeshwa kwa fedha za nani? Na wale ambao baba zao waliendesha malori ya kontena wanakumbuka agizo la mwaka 2019 la kupakia mizigo kwenye reli ya SGR. Wanajua pia tangazo la Rais William Ruto la Septemba 2022 la kurudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini Mombasa. Huo ni uchumi wa nyumbani kwao. Miji mingine hutafuta mifano vitabuni. Sisi tunaiona kutoka dirishani.

Sasa tazama mafunzo tunayopewa. Ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne na mandazi, mwezeshaji anasoma slaidi zilezile alizozisoma kaunti nyingine, mchana mnagawanywa vikundi mjaze karatasi kubwa kwa kalamu za rangi, jioni picha ya pamoja. Halafu cheti. Ninavyo kwenye faili, vingine vina jina langu limeandikwa vibaya. Sikumbuki katika kikao chochote nikiulizwa niandike somo, nilisomeshe, nirudi na kazi za wanafunzi, mtu aliyebobea katika uchumi aisahihishe na kunionyesha nilipopotoka. Mafunzo ya mtaala mpya yametueleza sana namna ya kutathmini na kujaza fomu. Mfumuko wa bei hautufikii.

Wenzetu wa hesabu na sayansi wana bahati. Tangu mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, kulikuwa na mpango wa SMASSE, na leo wana kituo kizima cha CEMASTEA pale Karen, Nairobi. Siwaonei kijicho, nimeona jinsi mwalimu wa kemia anavyorudi na majaribio ya kufanya kwa chupa za plastiki. Nauliza tu, mwalimu wa uchumi wa mtoto huyohuyo ana kituo gani?

Kuna kisa kimoja ambacho hunishangaza kwamba hakisimuliwi katika mafunzo yetu. Mwaka 2019, Tuzo ya Nobel ya Uchumi walipewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer. Kremer aliwahi kufundisha magharibi mwa Kenya akiwa kijana, na utafiti uliomjengea jina aliufanya pamoja na wenzake katika shule za Busia. Waligawa vitabu katika shule kadhaa, wakazilinganisha na zisizopata. Alama za mwanafunzi wa kawaida hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Dawa ya minyoo nayo ilipunguza utoro kwa takriban robo. Yaani moja ya hoja zilizoandamana na tuzo kubwa kabisa ya uchumi duniani ilitoka kwenye madarasa ya Kenya, na mwalimu wa uchumi wa Kenya hajui. Wakubwa wa elimu nao, kila wakisikia matokeo mabaya, hukimbilia kununua vitabu.

Huko Marekani mambo haya yana mazoea ya muda mrefu. Shirika la Council for Economic Education lenye makao New York lipo tangu mwaka 1949, na kazi yake ni hiyo ya kumwandaa mwalimu wa uchumi. Shule zikifungwa kati ya Juni na Agosti, walimu wa uchumi wa sekondari huingia kozi za siku kadhaa, nyingine zikiandaliwa kwa ushirikiano na vyuo vikuu. Mara nyingi mafunzo yenyewe yamedhaminiwa. Anayetaka yahesabiwe kwa ngazi ya uzamili hujisajili chuoni, hulipa ada ya ziada na huwa na deni la kazi ya kuandika: mpango wa masomo aliyoyatayarisha, usomaji aliopewa, pengine insha. Akikamilisha, chuo humwandikia krediti, yaani vipimo vya kozi vinavyohesabiwa kuelekea shahada, kwenye rekodi yake. Krediti hizo zinamsaidia kuhuisha leseni ya ualimu, na katika wilaya nyingi za elimu zinampandisha kwenye jedwali la mshahara hata kabla hajamaliza shahada yenyewe. Ndiyo maana watu hukubali kutoa wiki ya mapumziko yao.

Sitaki tuige kila kitu. Baadhi ya wafadhili wa huko wana imani zao kuhusu soko huria na hawazifichi. Hapa kwetu benki ikidhamini kozi ya mada ya fedha na mikopo, ningependa kujua nani ameandika sura ya riba. Mfadhili alipie chakula na malazi. Silabasi aiandike mhadhiri, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iipitie.

Vyombo vya kulifanya jambo hili hapa Pwani tunavyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Vyote vilipata hadhi kamili mwaka 2013. Kusoma wakati wa likizo si jambo geni kwa mwalimu wa Kenya, wengi wetu tulipata shahada kwa kujazana hosteli Aprili, Agosti na Desemba. Hesabu yenyewe si ngumu. Wiki moja ya siku tano, saa nane kwa siku, ni saa 40. Ukiongeza kazi ambayo mwalimu ataifanya darasani kwake muhula wa tatu na kuirudisha ikasahihishwe, unakaribia kabisa saa 45 ambazo vyuo vyetu vingi huzihesabu kwa kozi moja. Agosti hii kozi moja, Aprili nyingine. Tasnifu itakuwa na wakati wake, na atakayeshindwa mtihani ashindwe. Hatuombi shahada ya bure.

Kozi hiyo isifungiwe ukumbini. Asubuhi tuwe na mhadhiri na grafu zake. Alasiri twende soko la Kongowea saa ile malori ya vitunguu na viazi yakishusha, tukamsikilize dalali anavyopanga bei kabla gunia halijagusa chini. Twende bandarini tukaelezwe kontena inalipiwa nini na nani inapokaa uwanjani kupita muda wake. Twende kwa wavuvi wa kikundi cha usimamizi wa fuo, BMU, tuone jinsi watu wanavyokubaliana juu ya nyavu na misimu katika bahari isiyo na mwenyewe. Elinor Ostrom alipewa Nobel ya Uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuchunguza mipango kama hiyo. Mwalimu akirudi darasani muhula wa tatu awe na bei alizoziandika mwenyewe kwenye daftari na watu aliozungumza nao. Hapo ndipo kozi itakuwa ya uzamili kweli, kwa sababu atakuwa amekusanya na kuchambua mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Najua litakaloulizwa kwanza ni pesa. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipozindua TPD, mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma, Septemba 2021, gumzo lote lilikuwa zile shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Vyama vyetu vilipiga kelele, na vilikuwa na haki, kwa sababu mwajiri anayetaka mfanyakazi wake asome hawezi kumtupia gharama yote. Lakini nilivyosikia mimi, hasira ya walimu haikuwa ya pesa peke yake. Walikuwa wakiuliza, nikishamaliza hizi moduli, mlango gani utafunguka? Mwalimu yuyo huyo hukopa chama cha akiba na mikopo akalipia uzamili mamia ya maelfu, maana anajua karatasi ile itatambuliwa popote. Mpe njia ya kuilipa kidogo kidogo, kozi kwa kozi, TSC ikichangia nusu kwa anayefaulu, uone kama atagoma.

Hapo pana fundo jingine. Siku hizi shahada ya uzamili peke yake haimpandishi mwalimu cheo. TSC ina sababu zake, nadhani, kwani kulikuwa na watu waliosomea shahada zisizohusiana na wanachofundisha. Basi kozi inayohusu moja kwa moja somo unalofundisha, ambayo sehemu ya alama zake hutoka darasani kwako, haina kasoro hiyo. Ipewe uzito kwenye usaili wa kupanda kutoka ngazi ya C3 hadi C4 na kuendelea. Hata alama chache tu, mradi ziandikwe kwenye mwongozo na zijulikane.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo viwili nilivyovitaja ni wakutane na ofisi ya TSC ya eneo la Pwani kabla ya Agosti, wajaribu na kundi dogo, walimu wa Biashara wa kaunti ya Mombasa na Kilifi tu. Wasisubiri Nairobi iwaandikie mwongozo.

Nikimalizia, kuna walimu ambao barua nyingi za namna hii huwasahau. Katika shule nyingi za kaunti hii somo la Biashara linasomeshwa na kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule, mwenye shahada na namba ya TSC lakini hana ajira ya TSC. Analipwa kinachopatikana kwenye karo, mwezi mwingine kinachelewa. Mafunzo yakija haitwi, kwa kuwa orodha hutoka kwa mwajiri asiye wake. Kundi la kwanza litakapoandikwa, watengewe nafasi zao, na ada yao iangaliwe tofauti na yetu sisi wenye mshahara.

Tafadhali hifadhi jina langu.

Mwalimu wa Masomo ya Biashara,
Kisauni, Mombasa