Mafunzo ya filimbi ya kuitia bata, Jumamosi

Ndugu wanakikundi, wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu.

Mafunzo yatafanyika Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi, Tengeru, nyumbani kwa mwenyekiti.

1. Mchango ni shilingi 10,000, ukabidhiwe mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Kila mmoja aje na filimbi yake, ikiwa kavu, kwa sababu mate yakijaa kwenye ulimi wa filimbi, yaani kile kibamba chembamba cha ndani kinachotetema, sauti hukatika.

Tutaanza na pumzi, ambayo kwangu ndiyo msingi wa yote: hewa itoke tumboni, si mashavuni, kama mtu anayepulizia kioo pumzi ya moto ili akifute, huku kiganja kikifunguka na kufumba kwenye ncha ya filimbi. Filimbi nyingi huiga mlio wa bata jike wa mwituni wa Ulaya na Marekani. Hapa kwetu zinamfaa bata wa mdomo wa njano, ambaye mlio wake unakaribiana na huo, lakini si yule wa uso mweupe, kwa kuwa yeye hupiga mluzi.

Bunduki zibaki nyumbani, kwani haya ni mazoezi tu, na uwindaji wenyewe unahitaji leseni.

Tafadhali andika hapa "Nitafika" au "Sitafika" kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.

Katibu