Kabla hujanunua ruta ya pili: kuhusu anwani za IP na bei tunayoomba

Hivi karibuni mteja mmoja wa mtaa wa Nguba alikataa kumaliza kulipa kazi ya mtandao tuliyomfanyia, akisema kwamba fundi wetu hakubadilisha hata waya mmoja. "Mumefinya-finya tu mashini, sasa makuta ni ya nini?" Alikuwa amemwona fundi akizunguka vyumbani na daftari, akisoma namba zilizobandikwa chini ya vyombo, kisha akikaa mbele ya kompyuta hadi intaneti iliporudi, na kwa kuwa hakuona kifaa kipya kikitolewa kwenye katoni, alihesabu kwamba ameibiwa. Malalamiko haya tunayapata mara kwa mara hapa Bukavu, na karibu yote yanatokana na kazi isiyoonekana kwa macho, yaani kupanga namna anwani za IP (namba zinazotambulisha kila chombo) zinavyogawanywa ndani ya mtandao. Tumeona afadhali tuieleze kwa maandishi, ili anayetuita ajue analipia nini.

Kila simu, kompyuta, printa au kamera inayoingia kwenye mtandao wako inahitaji anwani ambayo hakuna chombo kingine kinachoitumia wakati huo. Kazi ya kuzigawa inafanywa na seva ya DHCP, ambayo katika nyumba na maduka mengi imo ndani ya ruta yenyewe. Kanuni zake zilitangazwa mwaka 1993, na toleo ambalo bado tunalifuata ni la mwaka 1997. Simu inapounganika na wifi haina anwani wala haijui seva iko wapi, kwa hiyo inatangaza kwa mtandao mzima kwamba inatafuta anwani. Seva inajibu kwa kupendekeza moja. Simu inaiomba rasmi. Seva inathibitisha na kuiandika katika orodha yake. Pamoja na anwani hiyo, simu inapewa pia anwani ya lango la kutokea kwenda intaneti, seva za DNS za kuulizia majina ya tovuti, na muda ambao anwani itabaki kuwa yake. Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba kwa kawaida simu inakubali pendekezo la kwanza linaloifikia, bila kuuliza limetoka kwa seva gani.

Muda huo una uzito wake. Nusu yake inapopita, chombo kinaiomba seva ileile ikiongezee muda. Kisipojibiwa kinaendelea kujaribu, na muda unapofika asilimia 87.5 kinaanza kuomba kwa seva yoyote itakayosikia. Muda ukiisha bila jibu, kinalazimika kuiacha anwani. Ndiyo sababu hitilafu ya seva inaweza kutokea leo na malalamiko yakaanza kesho. Katika ofisi moja ya Ibanda, kompyuta iliyokuwa inagawa anwani ilizimwa Ijumaa jioni ili kuokoa betri za inveta, na hakuna aliyeihusisha na mtandao kwa sababu siku hiyo kila mtu alimaliza kazi yake vizuri. Jumatatu asubuhi hakuna aliyepata intaneti, na aliyelaumiwa alikuwa mtoa huduma.

Seva inamtendea mgeni kama mwenye nyumba anayemhesabu mpangaji hadi mwisho wa mwezi hata kama alikwisha kuhama usiku bila kuaga, maana simu nyingi zinapoondoka hazirudishi anwani zao. Mtandao wa kawaida unaoanza na 192.168.1 una anwani 254 zinazotumika, lakini ruta nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kugawa 100 tu, kutoka 100 hadi 199. Kwa familia, hizo ni nyingi mno. Kwa nyumba ya wageni iliyoko kando ya ziwa, yenye ukumbi wa semina na muda wa kukodi anwani uliowekwa saa 24, zinaisha kabla ya chakula cha mchana: kila mshiriki ana simu na kompyuta, wageni wa vyumbani wana zao, televisheni na kamera zina zao, na washiriki wa jana walioondoka bado wanahesabiwa. Mwenye nyumba hiyo ya wageni alikuwa amekwisha kuongeza malipo yake ya kila mwezi ili apate kasi kubwa zaidi, na bado wageni walimnung'unikia. Kasi haikuwa na kosa lolote. Alikuwa pia ameipa kila ghorofa jina lake la wifi, ilhali majina yote yalikuwa juu ya mtandao mmoja. Na kwa kuwa simu tangu Android 10 na iOS 14 kwa kawaida zinajitambulisha kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa chombo chenyewe) iliyo ya kubuni, tofauti kwa kila jina la wifi, simu moja iliyopanda ngazi hadi juu ilihesabiwa kama simu kadhaa. Tulibakiza jina moja kwa wageni, tukafupisha muda kuwa saa moja, tukapanua mtandao kutoka anwani 254 hadi 510, na kompyuta za mapokezi tukazitenga. Hatukumuuzia chombo chochote.

Sasa tufike kwenye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko nyingine zote. Wifi inakuwa dhaifu katika chumba cha nyuma, mtu anakwenda sokoni, ananunua ruta ya pili kwa bei ndogo, anaivutia waya kutoka kwenye ruta ya kwanza, anauchomeka kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (yale ya vyombo vya ndani, si lile la WAN la kuingizia intaneti), na taa zinawaka. Wifi inajaa alama zote. Kuanzia hapo nyumba ina seva mbili za DHCP, kila moja ikijibu kwa haraka yake. Chombo kilichojibiwa na ruta ya zamani kinafanya kazi. Kilichojibiwa na mpya kinapewa, kwa mfano, anwani inayoanza na 192.168.0 na lango ambalo halielekei popote. Ruta zote mbili zikiwa za aina moja na zote zikijiita 192.168.1.1, hali inakuwa mbaya zaidi. Mtu anazima, anawasha tena, kwa bahati anajibiwa na ruta nzuri, na anaamini kwamba kuzima na kuwasha ndiyo dawa.

Mama mmoja mwenye depo ya madawa huko Kadutu aliishi hivyo kwa muda mrefu. Alikuwa amewalipa mafundi wengine, kila mmoja kwa bei ya chini kuliko yetu, na mmoja wao akamshauri anunue printa mpya, akainunua. Tulipofika, kompyuta mbili zilizokaa kwenye meza moja zilionyesha malango mawili tofauti, na hapo ugonjwa ulikuwa umejulikana. Kilichobaki kilikuwa kuipata hiyo ruta, kwa sababu kijana aliyeifunga alikwisha kuondoka na hakuna aliyekumbuka ilipo. Tulisoma anwani ya MAC ya lango lile la uongo kwenye kompyuta iliyodanganywa, tukaangalia katika orodha ya swichi (kile chombo kinachounganisha nyaya za mtandao) inatokea tundu namba ngapi, kisha tukaufuata waya wa tundu hilo mkononi, juu ya rafu, nyuma ya makatoni ya seramu, hadi kwenye ruta iliyojaa vumbi, taa zake zikimeta. Kuirekebisha kulichukua dakika chache: tulizima DHCP yake, tukaipa anwani iliyo nje ya fungu la anwani linalogawanywa, tukauacha waya kwenye tundu la LAN, si la WAN, ikabaki kurusha wifi tu. Mama alitaka kulipia dakika hizo peke yake. Tulimwomba ahesabu pia alichotumia kabla ya kutuita, printa ikiwemo.

Katika kazi kubwa zaidi tunafunga swichi inayoweza kukataa majibu ya DHCP kutoka tundu lolote ambalo hatujaliruhusu. Swichi hiyo ni ghali kuliko ya kawaida, na ndiyo inayofanya karatasi yetu ya bei ionekane nzito ikiwekwa kando ya karatasi ya mwenzetu.

Mkato wa pili ni wa kuandika anwani kwa mkono ndani ya printa au kamera, ukichagua namba yoyote iliyopatikana wazi siku hiyo. Printa inapewa 192.168.1.120, ambayo imo katika fungu ambalo seva inagawa. Umeme unakatika, printa inalala, simu ya mgeni inafika na kupewa 120. Printa ikiamka, wawili wanagombania anwani moja na karatasi hazitoki. Seva nyingine zinajaribu kwanza kama kuna anayeitumia anwani kabla ya kuitoa, lakini printa iliyozimwa haiwezi kujibu. Njia iliyo sahihi ni kuifungia printa anwani yake ndani ya seva kwa kutumia MAC yake, ili iombe kama wengine na ipewe ileile daima. Tunafanya hivyo kwa kila printa, kamera na mashine ya kaunta, na tunaandika yote katika karatasi moja: chombo, mahali kilipo, anwani, tundu la swichi. Nakala inabaki kwako, pamoja na nywila ya ruta, kwa sababu mtandao ni wako. Mafundi wanaoondoka na nywila ili waitwe tena wapo, na bei yao ya kwanza huwa ndogo.

Hata kabla ya kutuita, kuna vitu viwili unavyoweza kuangalia bila kulipa. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la seva: ama seva imezima, ama waya umekatika, ama fungu limeisha. Na kompyuta mbili za chumba kimoja zikionyesha malango mawili tofauti, tafuta ruta ambayo mtu aliichomeka bila kukuambia.

Bei yetu inahesabiwa kwa vyombo tunavyopaswa kuvitambua na kuviandika, wala si kwa muda wa kubofya, na ndiyo maana hatutaji bei kwa simu kabla ya kuona mahali. Ombi letu moja kwa anayetusubiri ni kwamba asizime ruta kabla hatujafika, hata kama wafanyakazi wanamhimiza, kwa sababu katika ruta nyingi ndogo orodha ya anwani zilizogawanywa inafutika zinapozimwa, na orodha hiyo ndiyo kitu cha kwanza tunachosoma.