Dada, Twendeni Bonde la Loire

Paris

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi imeanza kupungua na watoto wanahesabu siku za kuwaona. Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie nimefurahi sana kusikia mguu wake unaendelea vizuri.

Nimeyapokea maswali yako, kwamba mkija tutembelee mkoa gani wa mvinyo hapa Ufaransa. Shemeji anataka Bordeaux kwa sababu ndilo jina analolijua, wewe unataka kuona mashamba ya mizabibu na majengo ya kale, na gari hatuna. Nimelifikiria sana, na jibu langu ni bonde la Loire. Tufikie mji wa Tours, tulale hapo siku zote, kila asubuhi tupande treni.

Nianze na linalokuhusu wewe mkulima. Ile Chenin Blanc uliyopanda pale Dodoma, asili yake ni huku Loire. Ng'ambo ya mto, jirani kabisa na Tours, kuna mji mdogo wa Vouvray, na mvinyo wake mweupe hutoka karibu wote kwenye zabibu hiyo. Zabibu hiyo moja inawapa mvinyo mkavu, mwingine wenye utamu kiasi, mwingine mtamu kabisa, na mwingine wenye mapovu, kutegemea mwaka ulikuwaje na zabibu zimechumwa lini. Ninyi huko mnavuna mara mbili kwa mwaka. Wao wana mavuno mamoja tu, Septemba hadi Oktoba, kwa hiyo mwaka ukiharibika hakuna wa kufidia.

Kuna jambo nataka ulione kwa macho yako. Wewe ukiona kuvu kwenye kichala cha zabibu unajua hasara imeingia. Huku, mwaka ukiwa mzuri, ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka mtoni huleta kuvu fulani juu ya zabibu zilizoiva, kisha jua la mchana linazikausha. Maji yanapungua, sukari inabaki. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa wakichagua zile tu zilizofikia hali hiyo. Ndipo unapatikana ule mvinyo mtamu unaoweza kukaa chupani miaka mingi sana. Ningependa umuulize mkulima mwenyewe maswali yako yote, mimi nitatafsiri.

Maghala yao nayo ni ya kutazamwa. Mawe meupe, laini, ya makasri ya huku yalichongwa kutoka vilimani, na yale mapango yaliyobaki ndimo wanamohifadhi mapipa na chupa. Ndani kuna ubaridi uleule kiangazi na kipupwe, bila mashine yoyote. Njoo na sweta hata kama nje kuna jua.

Sasa usafiri. Treni ya kasi kutoka kituo cha Montparnasse hapa Paris hadi Tours ni saa moja na dakika chache. Nyingine haziingii Tours mjini, husimama kituo cha jirani cha Saint-Pierre-des-Corps, na hapo unabadilisha treni kwa mwendo wa dakika tano hivi. Kutoka Tours, Amboise ni kama dakika ishirini kwa treni ya mkoa. Ukishuka unavuka mto kwa miguu, na kasri liko mbele yako juu ya mwamba. Mchoraji Leonardo da Vinci alifia mji huo mwaka 1519. Kijiji cha Chenonceaux ni rahisi zaidi, kwa sababu kituo kiko karibu kabisa na lango la kasri. Hilo ndilo kasri lililojengwa juu ya mto Cher, lenye ukumbi mrefu uliolala juu ya daraja. Vita vya kwanza vya dunia ukumbi ule ulikuwa hospitali ya majeruhi. Vita vya pili, mto ulikuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo lisilokaliwa nao, na mlango wa upande wa pili ulitokea ng'ambo. Treni za huko ni chache kwa siku, lazima tujue ya kurudi kabla hatujaondoka.

Mji wa Chinon tutaenda kwa ajili ya shemeji, maana anapenda mvinyo mwekundu na wa pale unatokana na zabibu ya Cabernet Franc. Chambord, lile kasri kubwa la picha zote, ni gumu bila gari, nashauri tuliache.

Mwambieni shemeji simpingi. Bordeaux mjini kuna tramu nzuri, na mji wa mvinyo wa Saint-Émilion, jirani yake, una treni, ila mashamba ya eneo la Médoc, yenye yale majina makubwa ya mvinyo, yametawanyika mbalimbali. Alsace, mkoa mwingine wa mvinyo, ningeikubali bila ubishi. Mji wake wa Colmar ni pazuri mno. Lakini zabibu zako haziko kule. Provence, kule kusini, bila gari ni kusubiri basi juani. Na hata tungekodi gari, sheria hapa inamkataza dereva kufikia nusu gramu ya kileo kwa lita moja ya damu, kwa hiyo mmoja wetu angekaa tu akiwatazama wenzake wakionja.

Maghala mengi hufunga saa za chakula cha mchana, na Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo Vouvray tuiweke siku ya kazi na mimi nitapiga simu mapema. Kutema mvinyo baada ya kuuonja ni kawaida, chombo chake kipo mezani, hakuna atakayeona ni dharau. Ukiupenda, nunua hata chupa moja, mwenyeji anafurahi.

Niandikie tarehe zenu wiki hii. Nahitaji kwenda ofisi ya meya kuomba hati ya kuwakaribisha kwa ajili ya viza, na tiketi za treni ya kasi hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia. Septemba mwishoni ingenifaa sana, ili uwakute wakivuna.

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako akupendaye