Salamu za shukrani: binti yetu amerudi salama kutoka Korea

Assalaam alaykum, na kwa ndugu zetu wa imani nyingine, amani iwe nanyi.

Kwa niaba ya familia yetu ya Likoni, Mombasa, mimi mjomba mtu nimepewa kazi ya kuandika shukrani hizi. Wa kwanza kushukuriwa ni Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mtoto mlangoni kwetu akiwa mzima na akamrudisha mzima. Alhamdulillah. Kisha ni nyinyi mliochanga, mliomwombea, na mliokuja kukaa na dada yangu barazani usiku ule ambao hapakuwa na la kusema, mkakaa naye tu.

Wengi mlipokea kadi ya mchango bila kuelezwa sawasawa mtoto anakwenda wapi. Binti yetu ana miaka 15 na ni skauti tangu shule ya msingi. Kila miaka minne maskauti wa ulimwengu hukutana kwenye kambi iitwayo jambori. Huchukua vijana wa miaka 14 hadi 17 tu, na ikikupita, ndiyo imekupita hiyo. Ya mwaka huu wa 2023 ilikuwa ya 25, na ilifanyika Saemangeum, Korea Kusini, kuanzia tarehe 1 Agosti. Walikwenda zaidi ya watu 40,000, vijana na wakubwa wao, kutoka nchi zaidi ya 150. Hulala mahemani na kujipikia wenyewe. Kikosi kimoja huwa na vijana 36 na viongozi wanne, nao vijana hugawanywa tisa tisa, kila tisa na jiko lao.

Wale wanane wenziwe ndio nataka kuwasema zaidi, kwa sababu bila wao barua hii isingekuwepo.

Walikutana mara ya kwanza mwezi wa Februari, Nyeri. Kila tarehe 22 Februari maskauti hukusanyika pale kwenye kaburi la Baden-Powell, mwasisi wao, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa, kaburi likielekea Mlima Kenya. Walikuwa hawajuani hata kwa sura. Mmoja alitoka Machakos, wawili Kisumu, mwengine Garissa, na waliobaki huku na huku. Mtoto wetu ni wa pwani, hajapata kuona baridi kama ile. Usiku wa kwanza meno yalikuwa yakigongana, na msichana wa Nakuru aliyelala kando yake akamfunika nusu ya blanketi lake bila kuombwa. Kesho yake binti yetu akawafundisha wote kufunga fundo alilofundishwa na marehemu baba yake, ambaye alikuwa mvuvi, fundo la kutia nanga ambalo halifunguki hata maji yalivute vipi. Aliporudi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine ila ya hao wanane. Wakafungua kikundi kwenye simu, kwake akitumia simu ya mama yake, na kila jioni ilikuwa ni kupangana: nani abebe sufuria, nani ajifunze salamu za Kikorea, beji gani za kubadilishana na watoto wa nchi nyingine.

Dada yangu huuza mahamri na mbaazi za nazi pale mtaani tangu alipofiwa. Alikuwa akiweka akiba ya safari kidogo kidogo tangu mwaka uliopita, na kufikia Aprili alikuwa amebakisha sehemu ndogo. Mwezi wa Mei mama yetu mzazi, bibi yake huyu mtoto, akateleza uani akavunjika nyonga. Ilibidi afanyiwe upasuaji, na hospitali haingoji. Akiba yote ikaenda ndani ya siku mbili.

Nilikuwepo usiku tulipokaa kulizungumza. Hakuna aliyetaka kuanza. Mtoto ndiye aliyetuondolea uzito ule. Alisema, "Mjomba, pesa mpeni bibi. Kambi ni ya watoto wengi, bibi ni mmoja." Kisha akaingia chumbani. Baadaye tulijua kwamba usiku ule ule aliwaandikia wenziwe kuwaaga, akiwaomba wamtafute mtu mwengine wa kushika nafasi yake, na wasisahau kwamba lile fundo huzungushwa mara mbili. Mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi wa wenzangu na nimezika shemeji yangu, lakini nilipousoma ujumbe ule nilitoka nje.

Siku ya nne baada ya hapo, kabla ya adhana ya alfajiri, dada yangu alikuwa jikoni anakaanga. Mikono yote imejaa unga. Simu ikalia juu ya mtungi, hakuishughulikia. Ikalia tena. Ikalia mara nyingi mfululizo, akaingia hofu kwamba kuna msiba, akamwita mtoto aje amsomee. Zilikuwa ni M-Pesa nane, zimetoka kwa wazazi wanane wa miji ambayo yeye hajawahi kufika. Moja ilikuwa ya shilingi 350, na nyingine ilipita elfu mbili. Chini yake kwenye kikundi watoto walikuwa wameandika kwamba nafasi haigawiwi mtu. Wa Machakos alikuwa ameuza kuku wake wawili. Wale wa Kisumu walikuwa wamepita na kofia kwenye mkusanyiko wa asubuhi shuleni kwao. Wa Garissa alikuwa amemweleza babake, na babake akawaeleza watu msikitini. Dada yangu aliishika ile simu kwa mikono yake ya unga akaiweka kifuani. Mahamri ya karai lile yaliungua yote, na wateja wa asubuhi ile walikula mbaazi kwa mkate. Watuwie radhi.

Pesa zile hazikutosha safari, wala hazikuhitaji kutosha. Zilitutia aibu sisi wakubwa tuliokuwa tumekwisha kukata tamaa. Wiki ile ile tulichapisha kadi, tukaitisha harambee baada ya swala ya Ijumaa, na Likoni mkatoka.

Wapo wachache ambao familia haiwezi kuwapita kwa mstari mmoja.

Mwalimu wao wa skauti, Allah akupe umri. Jina la marehemu baba lilitofautiana herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kwenye cheti cha kifo, na kwa herufi hiyo moja pasi ikakwama kwa wiki nyingi. Ulipanda basi la usiku kwenda Nairobi mara tatu kwa nauli yako, ukalala kitini, ukarudi kufundisha. Na wewe wakili uliyeandika kiapo ukakataa hata nauli ya tuktuk, tunakuombea. Pasi ilitoka, na viza ikapatikana siku kumi na moja kabla ya safari.

Fundi wetu wa cherehani, uliposikia kwamba sare inampasa ikae vizuri na mtandio, ulishona mitandio miwili ya rangi ya sare, mwepesi wa jua na mzito wa baridi, na ukaupinda ukosi wa shati ili skafu ikae juu yake bila kujikunja. Ulimpima mtoto mara tatu. Ulipoulizwa bei ulisema utaitaja atakaporudi. Amerudi, na bado hutaki kuitaja.

Na mzee wetu wa nyumba ya tatu, skauti wa zamani, uliyevua pete ya ngozi ya skafu yako uliyoitunza miaka yote hiyo ukamvisha mjukuu asiye wa damu yako. Ulimwonyesha ile alama ya kaburini Nyeri, duara lenye nukta katikati, kwamba maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Ukamwambia, "Wewe yako ngoja kwanza, nenda kambini halafu urudi." Pete ameirudisha kama ulivyoagiza.

Siku ngumu za pili zilikuja tukidhani tumekwisha kuvuka. Saemangeum ni ardhi iliyokuwa bahari, Wakorea waliizuia kwa ukuta wa kilomita 33.9, na uwanda wa namna hiyo hauna mti wa kumpa mtu kivuli. Joto lilifika nyuzi 35. Tukaanza kusikia kwenye habari kwamba vijana wanazirai, kisha tarehe 4 Agosti kwamba Waingereza, ambao walikuwa zaidi ya 4,000, wanaondoka kambini. Simu ya kiongozi wao haikupatikana siku mbili. Dada yangu aliacha kula. Hapo tena wale wazazi wanane, ambao hatujaonana nao mpaka leo, ndio waliotushika. Mama yake yule msichana wa Nakuru alipiga simu kila usiku baada ya Isha. Yeye alisali kwa njia yake, dada yangu kwa njia yake, simu ikiwa wazi katikati. Imamu wetu aliomba dua kila baada ya swala, na watoto wa madrasa waliitikia.

Kisha kikatangazwa kimbunga, Khanun, na tarehe 8 wote wakahamishwa kwa mabasi zaidi ya elfu moja. Usiku wake ukaja ujumbe: "Mama tumehamishwa tumelala vitandani sote tisa tuko sawa, mwambie bibi." Hauna koma wala nukta kwa jinsi ulivyoandikwa mbio. Tarehe 11 walikuwa uwanja wa Kombe la Dunia mjini Seoul kwenye tamasha la kufunga. Anasema ametetemeka masikio kwa muziki, na kwamba mtoto wa Brazil amemfundisha fundo jipya.

Tunawashukuru pia kina mama wa chama cha mtaa, vijana wa boda na tuktuk wa kivukoni, walimu na darasa lake lote, kamati ya msikiti, majirani wa kanisani waliochangia viti na turubai, wauza samaki waliofanya kazi na marehemu, wauguzi waliomtazama mama yetu (sasa anatembea kwa fimbo, alhamdulillah), ndugu wa Malindi, Lamu, Unguja na Muscat, na viongozi wanne waliokaa na watoto juani na hawakulala kabla yao.

Hapa ndipo pazito kwetu. Michango yote tuliiandika kwenye daftari moja, na daftari lile lilikaa jikoni. Usiku mmoja tui la nazi lilimwagika juu yake. Ukurasa wa harambee ya Ijumaa ya pili umefutika wote, yamebaki madoa ya wino na shilingi 50 moja inayosomeka, bila jina. Tumejitahidi kukumbuka na hatukuweza. Wapo pia waliotoa mkononi wakasema msiniandike, na wapo waliotoa gizani tusiwaone nyuso. Tunawaomba radhi nyote, kwa unyenyekevu, na Mungu ambaye daftari lake haliingii tui awalipe kheri.

Kama ulikuwa kwenye ukurasa ule, dada yangu anaomba upite asubuhi yoyote. Mahamri utakula bila kulipa, na daftari lipo pale pale. Binti yetu amelifungulia ukurasa mpya, anataka uandike jina lako mwenyewe, kwa mkono wako.

Familia, Likoni, Mombasa
Agosti 2023