Mwulizeni na muuguzi

Mhariri,

Watafiti wa afya wakipita kijijini kwetu, wilayani Bahi, huuliza kama mgonjwa ameridhika na huduma. Majuzi nilimpeleka mama mkwe zahanati. Muuguzi alikuwa peke yake: anazalisha, anachanja watoto, anagawa dawa, anajaza rejesta. Alitujibu kwa ukali, na wala sikumlaumu sana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango kinachohitajika cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Sisi tuko mbali mno na hapo. Basi dodoso lijalo la watafiti limwulize na muuguzi: jana amelala saa ngapi? Nyumba ya mtumishi inavuja? Na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, yasiishie kabatini chuoni.

Mkazi wa Bahi,
Dodoma