Unga wa mwarobaini: kilichopimwa ni nini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno "imepimwa maabara" yanayobandikwa kwenye pakiti za unga wa majani ya mwarobaini, bila mnunuzi kuelezwa ni nini kilichopimwa wala kwa njia gani.

Jani bichi halina utata. Mwarobaini hupanga vijani vyake pande mbili za kikonyo kimoja, ilhali mwarobaini nusu, nduguye ambaye matunda yake yana sumu, kikonyo chake hugawanyika tena kabla ya kutoa vijani. Yakishakaushwa na kusagwa, yote ni unga wa kijani, na hata muuzaji mwaminifu aliyenunua kwa gunia hawezi kuliapia.

Hapo ndipo kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, inapohitajika. Aliyewahi kutenganisha rangi za wino kwa karatasi ya kuchujia akiwa sekondari anaijua tayari, na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyeibuni mwanzoni mwa karne iliyopita, alianza na majani vilevile, akipitisha rangi zake katika mrija uliojaa unga wa chaki. Kwa unga wetu, sampuli hulowekwa katika methanoli, aina ya alkoholi, tone lake huwekwa kwenye kibao kilichopakwa silika, unga laini mweupe, na kiyeyusho kinapopanda hubeba kila kemikali kwa mwendo wake, hadi yabaki madoa yanayosomwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 na 366. Jani linalojulikana hupandishwa kando yake, kwenye kibao hichohicho, ili yalinganishwe.

Doa moja halitoshi. Kwesetini, kemikali mojawapo ya mimea, imo katika mwarobaini, katika mlonge, hata katika kitunguu cha mboga. Kinachotambulisha mti ni mpangilio mzima wa madoa. Nayo azadiraktini, kemikali ya mwarobaini inayojulikana kwa kuua wadudu, hupatikana zaidi katika mbegu, kwa hiyo pakiti ya majani inayojisifia kwayo hunitia shaka. Wala kibao hakithibitishi kwamba dawa inaponya maradhi arobaini. Hilo ni kazi ya majaribio ya tiba.

Ombi langu kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ni kwamba lidai picha ya kibao hicho kwa kila shehena ya unga inayofungashwa, na tarehe yake ichapishwe kwenye pakiti.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga.