Mheshimiwa Waziri, mpaka lini tutangoja konea za kuletwa na ndege?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakuandikia kutoka Bombo, hapa Uganda, kwa heshima, ila uvumilivu umeniishia. Wiki iliyopita hospitali ilinipigia simu kwamba konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, aliyokuwa akiingojea mwanangu haiji tena. Tarehe nyingine sikupewa. Niliambiwa tu, "Mama, tangu korona mambo hayajakaa sawa."

Korona naijua, Mheshimiwa. Mwanangu ana keratokonusi: konea yake imekonda na kuchongoka. Alikuwa na mzio wa macho tangu mdogo, kutwa anayasugua. Alipoandikwa kungojea upandikizaji ndipo uwanja wa ndege wa Entebbe ukafungiwa abiria, Machi 2020, mpaka Oktoba. Konea ya kutoka ng'ambo huhifadhiwa kwenye dawa ya baridi kwa muda wa kama wiki mbili, basi. Na huko Marekani zinakotoka upasuaji usio wa dharura ulikuwa umesimamishwa, na marehemu mwenye korona au dalili zake hakutolewa macho. Shule zetu zilipofunguliwa Januari 2022 wenzake walirudi darasani. Yeye ubao hakuuona.

Hayo niliyameza, maana dunia nzima ilikuwa imefungwa. Lakini sasa ndege zinatua kila siku. Sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo ilitiwa saini 2023, tukaambiwa Mganda ataweza kumsaidia Mganda mwenzake. Mwaka uleule hospitali ya Mulago, Kampala, wakapandikiza figo, tukashangilia. Konea hutolewa kwa aliyekwisha kufa, haina mishipa ya damu, na marehemu mmoja huwafaa watu wawili. Kwa nini ya mwanangu lazima ipande ndege? Nashuku ni fedha. Au huko inakotoka wanahudumiwa kwanza wenye dola, sisi tunangoja zitakazobaki.

Tusiambiwe kwamba wananchi watakataa. Nani ametuuliza? Sisi Waislamu tunazika haraka, mara nyingi siku ileile, na konea nayo hutakiwa itolewe ndani ya saa chache baada ya kifo. Kazi yenyewe si ndefu, na uso wa marehemu hauharibiki. Watumeni watu waje wazungumze na masheikh wetu na maaskofu, wakae na wafiwa kwa adabu. Mimi nimeshawaambia wanangu: siku nikifa, macho yangu yatolewe, apewe anayeyahitaji. Wameniuliza wampigie nani simu. Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Jibu unalo wewe.

Marehemu lazima apimwe kwanza, hilo nakubali kabisa, maana virusi vingine hujificha hata ndani ya jicho. Taasisi ya utafiti wa virusi tunayo Entebbe. Ebola ilituingilia 2022, ikarudi Kampala Januari 2025. Maradhi mengine yakija na viwanja vya ndege vikafungwa tena, watoto wetu wataambiwa nini?

Naomba benki ya macho inayokusanya konea hapahapa Uganda, yenye wahudumu wanaopokea simu usiku na mchana. Na kabla haijasimama, mwanangu aletewe konea moja. Jicho la pili nalo limeanza kufifia. Konea moja tu, Mheshimiwa, na tarehe ya kuipata.

Mama wa mgonjwa,
Bombo